Kwa Baiskeli Hadi Newala: Mambo ya Kuangalia

Mama mmoja wa Chiungutwa ametuandikia kuhusu watoto wake wawili, mmoja wa miaka kumi na saba na mwingine kumi na tisa. Wao pamoja na wenzao wa kigango wanataka kwenda Newala kwa baiskeli wakati wa likizo, wakipita polepole na kuviangalia vijiji vya zamani. Mama anauliza: je, safari kama hiyo haitawadhuru? Na binti yake, ambaye naye anataka kwenda, amruhusu?

Mimi nawaunga mkono vijana hao. Nchi yetu ina mengi ya kuonwa, na anayepita kwa basi haoni kitu isipokuwa vumbi. Masasi penyewe ni mji wenye historia ndefu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Waanglikana, yaani UMCA, alifika hapo akitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Nia yake ilikuwa kuwapeleka mbele zaidi, kuelekea Ziwa Nyasa, lakini walipofika kwenye ile milima ya mawe waliona nchi ni njema, wakabaki. Mwaka 1882 Wangoni, ambao wazee wa huku waliwaita Magwangwara, walikivamia kijiji hicho na kuchukua mateka. Ndiyo sababu ukipanda Newala na kumwuliza mzee kwa nini Wamakonde walijenga juu kabisa, mbali na maji, atakuambia habari za vita na za wakamataji watumwa. Afadhali kiu kuliko kamba shingoni. Vichaka vizito vya juu viliwaficha watu, na wanawake wakateremka mabondeni kuchota maji na kupanda nayo tena kichwani.

Lulindi nako kuna habari zinazotuhusu sisi wa hospitali. Daktari Mwingereza, Leader Stirling, alifika huko mwaka 1935 akafanya upasuaji katika majengo ya miti na udongo. Baadaye alihamia Mnero, akawa raia wa nchi hii, na akafika kuwa Waziri wa Afya. Anayetaka kupita Lupaso ataona kijiji alikozaliwa Rais Benjamin Mkapa mwaka 1938 na alikozikwa mwezi Julai 2020. Na wale watakaochagua kwenda upande wa kaskazini watafika Lukuledi, ambako misheni yetu ilichomwa moto katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, na Ndanda, iliyoanza mwaka 1906.

Basi twende kwenye afya.

Kuendesha baiskeli ni zoezi zuri sana kwa moyo na mapafu, tena halichoshi magoti kama kukimbia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa juma, na anayekwenda shambani kwa baiskeli kila siku anaweza kuzipata bila hata kufikiri. Mazoezi ya namna hiyo husaidia kuzuia shinikizo la damu na kisukari, magonjwa ambayo siku hizi tunayaona sana hata vijijini. Lakini kwenda shambani ni jambo moja, na kupanda uwanda wa Makonde ni jambo lingine. Anayetaka kwenda mbali aanze kujizoeza majuma matatu au manne kabla, kila mara akiongeza mwendo kidogo. Mwenye shinikizo la damu apimwe kwanza. Mwenye kisukari anayetumia dawa awe na sukari au peremende mfukoni, na wenzake wajue, maana akitetemeka, akatoka jasho jembamba na kuanza kusema maneno yasiyoeleweka, anahitaji sukari wakati uleule. Mwenye selimundu asiende safari hiyo bila kuongea na daktari, kwa sababu uchovu, baridi na upungufu wa maji vyote vinaweza kumletea maumivu makali.

Kuhusu binti: wako wazee wasemao kwamba msichana akipanda baiskeli ataharibu kizazi. Sijaona sababu yoyote ya kitabibu ya kusema hivyo. Kizazi kimekaa ndani, kimelindwa na mifupa ya nyonga, na tandiko la baiskeli halikifikii. Kinachomhatarisha msichana ni kanga. Kanga au kitenge kinachoning'inia hunaswa na mnyororo au spoki, baiskeli husimama ghafla, na mpandaji huanguka kwa uso. Avae suruali chini ya gauni, au alifunge gauni vizuri. Mama mjamzito ambaye tumbo limekuwa kubwa ni habari nyingine, maana mizani ya mwili imebadilika na kuanguka kwake ni kuanguka kwa watu wawili.

Wanaume nao wana hofu yao, ingawa huisema kwa kunong'ona. Baada ya mwendo mrefu sehemu za siri hufa ganzi, na mtu hudhani nguvu zimekwisha. Ni mishipa iliyobanwa na tandiko. Asimame kwenye pedeli mara kwa mara, apumzike, aangalie pia kama ncha ya tandiko imeinuka juu, airudishe iwe sawasawa. Ganzi ikiendelea siku kadhaa, aje hospitali bila aibu. Kipimo cha urefu wa tandiko ni rahisi: ukiweka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Wengi wetu tunakalia chini mno, halafu tunalalamikia magoti.

Sasa maji. Mpandaji anayepanda mlima kwenye jua anaweza kupoteza kwa jasho nusu lita hadi lita nzima kwa saa moja. Udongo wa juu ya uwanda ni wa kichanga, mvua inanyesha na kuzama, mito hakuna. Mradi mkubwa wa maji wa Makonde ulijengwa miaka ya 1950 kwa sababu hiyo, lakini hata leo usitegemee kukuta bomba linalotoka maji kila unaposimama. Kila mtu abebe chupa zake mbili za maji yaliyochemshwa na azijaze kila apatapo nafasi. Asingoje kiu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, amechelewa. Kwa safari ndefu ni vizuri kuchanganya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa visijae kama mlima. Mchanganyiko huo mnaufahamu kwa watoto wanaoharisha, na mwendeshaji aliyetoka jasho jingi hunufaika nao vilevile. Wasianze safari saa sita za mchana. Waondoke kukiwa kumepambazuka, wapumzike kwenye mikorosho jua likiwa kali. Mtu akiacha kutoka jasho, ngozi ikawa ya moto na akachanganyikiwa, alazwe kivulini, avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji na kupepewa, na apelekwe kwenye kituo cha afya. Hilo si jambo la kusubiri jioni.

Vyote hivyo mtu anaweza kuvizuia mwenyewe. Lakini liko jambo moja ambalo watu wengi hawalijui, nami napenda wazazi walisome mara mbili. Ni habari ya bandama.

Mtu anapoanguka na baiskeli, mara nyingi usukani hugeuka na ncha yake humchoma tumboni, hasa chini ya mbavu. Kwa nje huenda usione kitu, labda alama nyekundu ya mviringo, kubwa kama shilingi. Mtoto anainuka, analia kidogo, anaendelea na safari. Lakini chini ya mbavu za kushoto iko bandama, na kulia liko ini, na vyote viwili vimejaa damu. Katika nchi yetu yenye malaria watu wengi, na zaidi watoto na vijana, wana bandama iliyovimba. Bandama iliyovimba hutoka nje ya kinga ya mbavu, nayo hupasuka kwa pigo ambalo mtu mwingine lisingemdhuru. Tena pengine haivuji damu palepale. Inaweza kuvuja kidogo ndani ya gamba lake, na baada ya saa kadhaa au siku kadhaa gamba hilo likapasuka.

Kijana mmoja aliletwa kwetu siku ya pili baada ya kuanguka. Nyumbani walidhani ana malaria kwa kuwa alikuwa amelegea na hataki kula, wakampa dawa. Alipofika midomo ilikuwa myeupe, mapigo ya moyo yakienda mbio na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Jambo lililomshangaza baba yake ni kwamba mtoto alilalamikia bega la kushoto, wakati hakuangukia bega. Ni dalili tunayoifahamu: damu iliyomwagika tumboni huchokoza misuli ya chini ya mapafu, na maumivu yake husikika begani. Alipasuliwa usiku uleule, akaongezewa damu iliyotolewa na ndugu zake wawili, akapona.

Kwa hiyo mtu aliyepigwa na usukani tumboni aangaliwe. Akiwa na maumivu yanayozidi, tumbo gumu, kizunguzungu anaposimama, jasho la baridi, weupe wa macho na midomo, au maumivu ya bega yasiyo na sababu, apelekwe hospitali haraka, alazwe chali katika gari, asipewe chakula wala kinywaji kwa kuwa huenda akahitaji kupasuliwa. Asikandwe tumbo wala kuchuliwa. Mtaeleza kwa mganga kwamba alianguka na baiskeli, hata kama imepita juma moja. Kumbukeni pia kuwasha homa kunaweza kuwapo kwa sababu nyingine kabisa, na kipimo cha malaria kuonyesha wadudu hakuondoi uwezekano wa bandama iliyopasuka. Kinga yake ni ya shilingi chache: ncha za usukani zivishwe mipira, zisiachwe chuma kitupu kama baiskeli nyingi nizionazo sokoni.

Pigo la kichwa mnalifahamu zaidi. Kofia ngumu ingefaa, na anayeweza kuipata aivae hata akichekwa. Aliyegonga kichwa akapoteza fahamu hata kwa dakika moja, akatapika tena na tena, akasinzia isivyo kawaida, au akatokwa na maji maangavu puani au masikioni, asiambiwe alale apumzike. Hospitali.

Kwa michubuko na vidonda vya barabarani, osha kwa maji safi mengi na sabuni mpaka mchanga wote utoke, ingawa inauma, kisha funika kwa kitambaa safi. Usiweke majivu, kinyesi cha ng'ombe wala unga wa betri. Uchafu wa barabarani hubeba vijidudu vya pepopunda, na kama kidonda ni kichafu na miaka mitano imepita tangu chanjo ya mwisho, inafaa kuchomwa nyingine.

Watoto wadogo wanaobebwa kwenye karia wana hatari yao. Mguu huingia katika spoki, na kisigino huchanika nyama yote, wakati mwingine na mfupa kuvunjika. Kidonda hicho huchelewa sana kupona. Fundi yeyote anaweza kuweka kinga ya wavu au bati pembeni mwa gurudumu na mahali pa kukanyagia. Mtoto asiyeweza kushika kwa nguvu asibebwe mwendo mrefu. Akisinzia tu, ameanguka.

Barabarani vijana waende mmoja nyuma ya mwingine, upande wa kushoto, wasipige gumzo sambamba. Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Newala hadi Masasi, kilomita 210, imekuwa ikitengenezwa kwa lami kipande baada ya kipande. Lami ni baraka, lakini pale ilipo magari na pikipiki hukimbia kuliko zamani, na mahali lami inapoishia mchanga huteleza. Wafunge viakisi nyuma, na jua likizama wawe wamekwisha fika wanakolala. Mizigo iwe michache. Nawaona vijana wa maji wakibeba madumu manne ya lita ishirini. Hizo ni kilo themanini, uzito wa mtu mzima mnene, na baiskeli yenye mzigo huo haisimami upesi hata breki zikiwa mpya.

Jioni watakapofika Newala, penye ukingo ule unaotazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo, watakuwa wamelowa jasho na upepo wa huko ni wa baridi, hasa miezi ya Juni na Julai. Wabadilishe nguo, wale ugali na maharage wa kutosha, na wanyooshe miguu kabla ya kulala ili misuli isikaze usiku. Asubuhi, kabla ya kurudi, wapeleke baiskeli kwa fundi akaziangalie raba za breki, maana kurudi ni kuteremka. Kwenye mteremko wabane na kuachia, breki ya nyuma kwanza ndipo ya mbele kidogo, na penye korongo au mchanga mwingi washuke wakokote.