Samaki Asiyepanda Mizani Ndiye Anayeilisha Watamu

Upepo wa kusi unapoanza kulegea mwezi Agosti, fedha huanza kuzunguka Watamu hata kabla mgeni wa kwanza hajafika. Boti zilizovutwa nchi kavu bahari ilipochafuka hukaguliwa moja moja. Fundi wa faiba huziba nyufa, makanika hufungua injini, mpaka rangi hulala chali chini ya boti akiipaka rangi ya kuzuia majani na kome wasigande. Maduka ya vifaa huuza kamba, nati, betri na mafuta ya injini. Wengi wa mafundi hao hawatamwona samaki atakayewalipa, na samaki mwenyewe, mara nyingi, hatafika ufukweni.

Biashara yenyewe ni uvuvi wa burudani katika bahari kuu. Mgeni hukodi boti pamoja na nahodha na mabaharia wake, hutoka alfajiri kupitia mlango wa mwamba, hurambaza mchana kutwa, na jioni hurudi hotelini. Msimu unaanza na jodari kati ya Agosti na Oktoba, sulisuli wanafuata kuelekea mwisho wa mwaka, na kaskazi ikishatulia, kuanzia Desemba hadi Machi, huwa ni zamu ya nduaro, yule ambaye mabaharia wa boti za kukodi humwita marlini. Mvua za Aprili zikija na kusi kurejea, boti zinapanda tena nchi kavu.

Watamu, iliyo kilomita mia moja hivi kaskazini mwa Mombasa katika Kaunti ya Kilifi, ina bahati ya maumbile ambayo miji mingi ya pwani haina. Kilindi hakiko mbali na ufuo. Kaskazini kidogo, kwenye mlango wa Mto Sabaki karibu na Malindi, maji ya mto yenye tope hukutana na maji ya buluu, na kwenye mpaka huo dagaa hujikusanya na samaki wakubwa huwafuata. Mbali zaidi kuna kilima cha chini ya bahari kiitwacho North Kenya Bank, ambako boti hulala usiku kucha zikimwinda samaki upanga. Maji haya yana aina sita za samaki wenye mdomo wa mkuki: sulisuli, nduaro mweusi, nduaro wa buluu, nduaro wa mistari, samaki upanga, na yule mdogo mwenye mkuki mfupi. IGFA, chama cha kimataifa kinachotunza rekodi za uvuvi huu, humpa heshima maalumu mvuvi anayepata aina tatu kwa siku moja, kubwa zaidi kwa aina nne, na ya juu kabisa kwa aina tano. Sehemu ambazo mtu anaweza hata kuiota hiyo ya tano ni chache sana duniani, na Watamu ni mojawapo. Hiyo ndiyo bidhaa ya mji huu. Anayelipa hanunui minofu, ananunua nafasi.

Sifa hiyo ni ya zamani. Ernest Hemingway alivua kwenye maji ya Malindi mwaka 1934, baada ya safari yake ya kuwinda barani, na hoteli moja kubwa ya Watamu bado inabeba jina lake. Lakini kilichoijenga biashara ya leo kilikuja baadaye sana, nacho ni uamuzi wa kumwachilia samaki. Uwekaji wa alama kwa samaki wa mkuki ulianza pwani ya Kenya mwaka 1987, na mwaka 1990 ikaanzishwa African Billfish Foundation, yenye makao Watamu. Tangu hapo maelfu ya samaki wamerudishwa baharini wakiwa na namba mgongoni.

Inafaa kuona jinsi kazi hiyo inavyofanyika, maana watu wa bara hudhani ni mchezo wa matajiri tu. Sulisuli akishavutwa hadi ubavuni mwa boti, baharia mmoja, mikono ndani ya glavu, humkamata mdomo huku boti ikiendelea kwenda taratibu ili maji yapite kwenye matamvua yake. Mwenzake anachukua mti mrefu wenye ncha ya chuma na kuchoma kijialama cha plastiki chenye namba kwenye nyama ya mgongo, chini kidogo ya lile pezi linalofanana na tanga. Nahodha anasoma namba kwa sauti, anakadiria urefu na uzito, na yote yanaandikwa kwenye kadi: tarehe, mahali, aina. Ndoano inang'olewa au mshipi unakatwa karibu na mdomo. Samaki aliyechoka hashikwi na kutupwa tu. Hushikiliwa hivyo hivyo akivutwa pole pole mpaka rangi yake irudi na aanze kupiga mkia mwenyewe. Boti ikirudi hupandisha bendera ndogo kwenye mlingoti, na watu wa ufukweni huhesabu bendera hizo kabla nanga haijashuka.

Tugeukie hesabu. Tuseme sulisuli wa kilo 25 ameuawa na kuuzwa kwa shilingi 300 kwa kilo. Hizo ni shilingi 7,500, mara moja, na habari yake imekwisha. Tuseme tena mgeni amekodi boti kwa dola 600 kwa siku, jambo la kawaida kwa boti yenye vifaa kamili, na dola moja ni shilingi 130. Hizo ni shilingi 78,000, kabla hujaweka chumba cha hoteli, tikiti ya ndege ya Malindi, tuktuk, chakula na bakshishi. Na samaki yule, akiwa hai, anaweza kumleta mgeni mwingine wiki ijayo. Takwimu hizi ni za mfano tu, na boti ina siku za kurudi mikono mitupu. Hata hivyo, pengo kati ya hesabu hizi mbili ni pana mno kulifumbia macho.

Ajabu ni kwamba vitabu vyetu vya uvuvi havina mahali pa kuandika pengo hilo. Takwimu za uvuvi huhesabu samaki aliyeshushwa: tani ngapi, bei gani kwenye banda. Kwa kanuni hiyo sulisuli aliyeachiliwa thamani yake ni sifuri. Aliyeleta shilingi 78,000 hayumo, aliyeleta 7,500 yumo. Wakati wa kupanga bajeti, au wa kujadiliana juu ya leseni za meli za kigeni, asiyeonekana kwenye hesabu hana mtetezi.

Fedha zenyewe zinakwenda wapi? Sehemu kubwa inateketea kwenye mafuta. Boti ya kurambaza hukaa baharini saa tisa au kumi injini ikinguruma, na dizeli ilipovuka shilingi 200 kwa lita jijini Nairobi mnamo Septemba 2023, wenye boti waliumia vibaya. Nahodha na mabaharia hulipwa ujira, lakini kinachojenga nyumba mara nyingi ni bakshishi. Jodari, nguru na fulusi, ambao hawaachiliwi, kwa desturi ya hapa ni mali ya boti: wengine huingia jikoni hotelini, wengine hununuliwa ufukweni, na vipande vinavyobaki hufika kwa mama karanga, wanaokaanga samaki kando ya barabara na kulisha wafanyakazi wa ujenzi na waendesha bodaboda. Samaki wa kufukizwa moshi, chakula kilicholipa jina eneo hili tangu zamani, naye ana wateja mpaka Nairobi.

Pesa za vyumba ndizo zinazovuja zaidi. Hoteli nyingi zina wenyewe walio mbali, na mgeni aliyelipia kila kitu akiwa kwao Ulaya huacha Watamu kidogo kuliko anavyodhani. Kwa jicho la uchumi wa mji, mgeni wa boti ni bora kuliko mgeni wa kujilaza ufukweni, kwa sababu boti haiwezi kutengenezwa, kujazwa mafuta wala kuendeshwa kutoka Milano.

Biashara hii ina udhaifu wake, na mkubwa ni kutegemea miezi michache. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zilianguka katikati kabisa ya msimu wa nduaro. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni na maonyo ya serikali za Ulaya kwa raia wao, hoteli za pwani zilifunga na kuachisha watu kazi. Machi 2020 korona ilizima kila kitu. Kila mara ni baharia anayerudi kwanza kwenye mtumbwi wa babake. Wageni wa ndani, kutoka Nairobi na miji mingine, ndio waliowahi kurejea kila mara, na treni ya Nairobi hadi Mombasa iliyoanza 2017 imewasogeza karibu. Lakini bado boti nyingi zinatangazwa kwa dola. Familia ya Nairobi isiyo na uwezo wa siku nzima ingeweza kulipia nusu siku, au saa tatu za kurambaza nje kidogo ya mwamba. Anayewaandalia safari hiyo kwa bei ya shilingi atakuwa na kazi hata wakati Ulaya imefunga milango.

Udhaifu mwingine uko chini ya maji, na huo unanitia wasiwasi zaidi. Samaki hawa hawana uraia. Wanatembea Bahari ya Hindi nzima, na huko wanakutana na mishipi mirefu yenye maelfu ya ndoano na nyavu za jarife zinazotandazwa kilomita kwa kilomita. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, IOTC, yenye makao Victoria, Shelisheli, imesema katika tathmini zake kwamba nduaro wa mistari amevuliwa kupita kiasi na bado anaendelea kuvuliwa kupita kiasi. Mwaka 2018 Tume iliweka kikomo cha tani 3,260 kwa mwaka kwa aina hiyo. Na nduaro wa mistari ndiye hasa aliyeupa umaarufu msimu wa Januari pwani ya Kenya.

Maharamia wa Somalia walitupa somo ambalo hakuna aliyeliomba. Walipotawala bahari hii, meli nyingi za kigeni zilikimbia, na mwanzoni mwa 2010 vyombo vya habari vya kimataifa viliripoti kutoka Malindi kwamba wavuvi, wa burudani na wa kawaida, walikuwa wakipata samaki wengi kuliko miaka iliyotangulia. Ripoti hiyo peke yake haithibitishi chanzo, maana bahari ina mizunguko yake. Lakini waliokuwa kwenye boti hawakuwa na shaka na walichokiona.

Hapa ndipo linapoingia suala la wavuvi wa kawaida, na ningependa lizungumzwe kwa haki. Hifadhi za bahari za Watamu na Malindi zilianzishwa mwaka 1968, miongoni mwa za kwanza barani Afrika, na ndani yake kuvua ni marufuku. Familia zilizokuwa zikitega humo zilisukumwa nje, wakati hoteli zilipanda ufukweni. Leo kumwambia mvuvi wa Uyombo au Mayungu amwachilie sulisuli aliyenaswa kwenye jarife lake, ili mgeni aje amvue kwa furaha, ni kumwambia aache karo ya mtoto. Hana kosa akikataa. Njia ipo, na inajulikana papo hapo Watamu: shirika la Local Ocean Conservation kwa miaka mingi limekuwa likiwalipa wavuvi fidia ndogo ya muda na vifaa wanapotoa taarifa ya kasa aliyenaswa kwa bahati mbaya ili aachiliwe. Wenye boti za kukodi wangeweza kuchangia mfuko kama huo kwa samaki wa mkuki, kiasi kidogo kwa kila safari, ukasimamiwa na vikundi vya usimamizi wa fukwe (BMU) vya wavuvi wenyewe. Sulisuli akifa wavuni, mvuvi amuuze na asibughudhiwe. Akiwa hai, alipwe kwa kumwachilia na kwa kuandika kadi yake.

Halafu kuna umiliki. Manahodha bora wa pwani hii ni vijana wa Kigiriama na Kibajuni waliojifunza bahari tangu utotoni, na wanaweza kusoma ndege wa baharini na mabadiliko ya rangi ya maji kuliko chombo chochote cha elektroniki. Wachache mno kati yao wana boti. Boti iliyosajiliwa na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, yenye injini mbili, redio, majaketi ya kuokoa na bima, inahitaji mtaji ambao benki haimpi mtu asiye na hati ya shamba. Ushirika wa akiba wa mabaharia, ukipata dhamana ya kaunti, ungeweza kununua boti iliyotumika na kuitia katika soko hili la wageni wa ndani. Hilo lingebadilisha mgawo wa fedha haraka kuliko semina yoyote.

Tukirudi kwenye lile pengo la vitabuni, Kosta Rika iliamua kuhesabu. Utafiti uliofanywa huko kuhusu mwaka 2008 ulikadiria kuwa wavuvi wa burudani kutoka nje waliiletea nchi hiyo karibu dola milioni 600, na takwimu hizo zikawa silaha mikononi mwa waliotaka samaki wa mkuki walindwe dhidi ya nyavu. Kilifi ina boti chache kuliko Kosta Rika, kwa hiyo kazi yake ni nyepesi zaidi. Serikali ya kaunti, pamoja na Huduma ya Uvuvi ya Kenya, iongeze mistari minne tu kwenye fomu ambayo boti hizi hujaza: siku zilizokodiwa, samaki walioachiliwa, watu walioajiriwa, na lita za mafuta zilizonunuliwa. Ianze Agosti ijayo, boti zikiwa bado juu ya magogo na manahodha wote wako mjini.