SAUTI IKIKAUKA, ASKARI ASINGOJE

Nateete huamka mapema. Magari ya abiria yaendayo Masaka hupiga honi, wachuuzi hunadi bidhaa zao, naye askari wa usalama barabarani hulazimika kupaza sauti juu ya makelele hayo. Sauti yake ikikauka, wenzake husema ni vumbi, na mara nyingi husema kweli. Lakini ikipita majuma matatu bila kurudi, haifai kusingizia vumbi tena. Yampasa aende kwa daktari, kwani huenda ikawa saratani ya koo.

Ugonjwa huu ukianzia kwenye nyuzi za sauti, hujitangaza mapema kwa kuikausha sauti. Ukianzia juu au chini yake, hujificha mpaka mgonjwa ameze kwa taabu, aumwe sikio au aone uvimbe shingoni. Usipozuiliwa, huenea katika tezi za shingo na kufika mapafuni. Uvimbe waweza kuziba njia ya hewa, madaktari wakalazimika kutoboa tundu shingoni ili mgonjwa apumue. Chakula hakipiti, mwili hukonda. Pengine kikoromeo chote huondolewa. Hata hivyo mgonjwa aweza kufundishwa kusema tena.

Matumaini yapo. Saratani ya nyuzi za sauti ikigunduliwa ingali changa, wagonjwa walio wengi hupona, mara nyingi kwa tiba ya mionzi peke yake. Ikiisha kuenea, wanaopona hupungua sana. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza mwaka 1967, ipo Mulago, upande wa pili wa jiji hili hili. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini iliharibika, na baadhi ya wagonjwa wakatafuta tiba Nairobi. Mwaka 2018 mashine mpya ilianza kazi.

Visababishi vikubwa ni sigara na pombe, na viwili hivyo vikikutana hatari huzidi maradufu. Anayeacha sigara, hata baada ya kuugua, huisaidia tiba yake.

Ndugu askari, desturi yetu ni kuvumilia maumivu bila kunung'unika. Katika vita hivi, uvumilivu huo ndio unaompa adui nafasi. Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Kuripoti hospitali mapema si woga; ni sehemu ya nidhamu, na ndiyo njia ya kuihifadhi sauti inayotoa amri.