Mtungi wa Hewa Ukaa Katika Chumba Kidogo

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Bila shaka mmeuona mtungi mwekundu uliotundikwa karibu na mlango wa chumba cha kompyuta, wenye mdomo mpana mweusi mfano wa tarumbeta. Wengi hudhani ndani mna maji au unga. La, mna hewa ukaa, ile ile tuitoayo puani, iliyoshindiliwa hata ikawa majimaji. Imechaguliwa kwa kuwa haipitishi umeme wala haichafui mitambo.

Na tupige hesabu kidogo. Kilo moja ya hewa hiyo ikifunguliwa hutanda ikawa zaidi ya lita 500. Mtungi wa kilo 5 hutoa kadiri ya lita 2,700. Chumba chenye urefu wa mita 3, upana mita 2 na kimo mita 2.5 kina lita 15,000 tu. Ukiumwaga mtungi wote humo mlango umefungwa, zaidi ya sehemu 15 katika kila 100 zitakuwa hewa ukaa. Hewa tuvutayo siku zote haina hata sehemu 1 katika 1,000.

Watu husema hatari ni kukosa oksijeni tu. Sivyo. Katika chumba hicho oksijeni ingeshuka kutoka sehemu 21 hadi 17 na ushei, upungufu ambao peke yake si wa kumwangusha mtu mzima wa afya. Kiangushacho ni hewa ukaa yenyewe, kwani huingia katika damu ikaitia asidi. Ikifika sehemu 5 mtu hutweta na kichwa humuuma; ikipita 10 aweza kuzirai kwa dakika chache au upesi zaidi. Tena ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini, pale pale alipolala aliyezirai. Huko Goma, nchini Kongo, hewa hii hutoka ardhini penye volkano na kujaa mabondeni. Wenyeji hupaita mazuku, na watu na mifugo wamefia humo.

Basi, kwanza watu wote watoke, na umeme ukatwe ikiwezekana. Mzimaji asimame mlangoni, njia ya kutokea ikiwa nyuma yake, aelekeze mdomo wa mtungi kwenye shina la moto. Asiushike mdomo huo kwa mkono mtupu, maana hewa hutoka na baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri. (Wenzetu wapendao kuufyatua ili waone “theluji” watafute mchezo mwingine.) Akimaliza atoke, afunge mlango, na asiingie mtu mpaka chumba kipitishwe upepo wa kutosha. Mwenzako akianguka ndani usimfuate mbio. Wengi huanguka wawili kwa namna hiyo. Fungua mlango na madirisha kutoka nje, ukaite zimamoto.

Katika maabara, magnesi ikiwaka usitumie mtungi huu, kwa kuwa magnesi huwaka hata ndani ya hewa ukaa. Tumia mchanga mkavu.

Kwa walimu wetu nina neno moja: mtungi huu hauna saa ya kuonyesha kama umejaa. Hujulikana kwa kupimwa kwenye mizani tu, na uzito unaotakiwa umeandikwa juu yake.