Ramani ya Sumaku na Uvutano Inaposemwa Imeona Dhahabu

Ndege ya utafiti wa miamba inapopita chini chini juu ya vijiji, ikienda na kurudi kwa mistari iliyonyooka kama mkulima apigaye matuta, uvumi huifuata nyuma. Husemwa kwamba madini yameonekana. Baadaye hujitokeza muuzaji mwenye ramani ya rangi yenye doa jekundu katikati, naye hutaka shamba au hisa zake zinunuliwe kwa bei ya mali iliyokwisha kupatikana. Hapo ndipo fedha za walaji hupotea, na ndiyo sababu tunaeleza vipimo hivyo hupima nini.

Ndege haipigi picha ya chini ya ardhi. Hubeba magnetometa, kifaa kinachopima nguvu ya usumaku wa dunia mahali kinapopita. Katika Tanzania nguvu hiyo ni zaidi ya nanotesla 30,000, nayo miamba huiongeza au kuipunguza kwa makumi au mamia, na mara chache kwa maelfu. Tofauti hizo husababishwa zaidi na madini ya chuma yaitwayo magnetaiti. Dhahabu yenyewe haivutwi na sumaku, na almasi kadhalika.

Mlaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: mbona basi watafutaji wa dhahabu hutumia ramani hizo? Huko Geita, sehemu ya dhahabu imo ndani au kando ya miamba yenye matabaka ya chuma, ambayo hujitokeza wazi katika ramani ya sumaku hata ikiwa imefunikwa na udongo. Mtaalamu huufuata mwamba kwanza, kisha hutafuta kama umebeba dhahabu. Miamba ya aina hiyo imetapakaa katika maeneo mengi ya kusini mwa Ziwa Victoria, na mahali pengi haina dhahabu ya kutosha kuchimbwa kwa faida. Doa jekundu laweza kuwa chuma kitupu. Hata reli na maghala ya bati huacha alama yake.

Kipimo cha uvutano nacho hutambua uzito wa miamba. Gravimeta husoma tofauti ndogo mno, hata chini ya sehemu moja ya milioni ya uvutano wa kawaida. Katika Bonde la Rukwa, ambako mashapo mepesi yamerundikana kwa unene wa kilomita kadhaa, uvutano hupungua, na kwa njia hiyo wataalamu hukadiria umbo la bonde kabla ya kuchoronga. Lakini kitu kidogo kilicho karibu na uso wa ardhi na kikubwa kilicho chini sana vyaweza kutoa vipimo vinavyofanana. Hesabu peke yake haiwezi kuvitofautisha. Sharti pawe na ushahidi mwingine.

Liko pia suala la ukubwa. Katika upimaji wa nchi nzima uliofanywa kati ya 1977 na 1980, mistari ya ndege iliachana kwa takriban kilomita moja. Shamba la ekari 5 lenye umbo la mraba lina upande wa mita 142 hivi. Laweza kuwa katikati ya mistari miwili bila ndege kulipita kabisa, na rangi iliyo juu yake katika ramani ikawa makadirio yaliyotokana na vipimo vya majirani. Upimaji wa karibuni umekaribianisha mistari zaidi, ila haujafika kila mahali.

Kwa hiyo, anayeonyeshwa ramani ya namna hii aulize ilipimwa lini, kwa mistari ya umbali gani, na iwapo uchorongaji umefanyika na sampuli zimepimwa maabara. Ramani rasmi hupatikana Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, na ni vema kuilinganisha na ile ya muuzaji. Tunasisitiza zaidi leseni. Hati ya ardhi haimpi mwenye shamba haki ya kuchimba madini yaliyo chini yake. Haki hiyo hutolewa kwa leseni na Tume ya Madini. Namba ya leseni ipelekwe katika ofisi ya Afisa Madini Mkazi ikahakikiwe jina la mmiliki, mipaka na tarehe ya kumalizika, kabla ya kulipa hata malipo ya awali.