Selajinela: Mmea wa Kivuli Uishio kwa Unyevu wa Hewa

Katika jamii ya mimea inayopamba nyumba za watu, mingi hupendwa kwa maua yake na mingine kwa upana wa majani yake. Lakini upo mmoja usiotoa ua lolote, ambao aghalabu hautimizi shibiri moja kwa kimo, nao umepata makazi katika vyumba vya wapenzi wa bustani kwa ukijani wake wa zumaridi na ulaini wa tandiko lake. Wataalamu huuita selajinela. Mtazamaji wa haraka huudhani kuwa kuvumwani, yaani ule ukijani utandao juu ya mawe yenye maji. Walakini kuvumwani haina mishipa ya kupitishia maji mwilini, na selajinela inayo.

Nasaba ya mmea huu ni kongwe mno, kwani imedumu duniani kwa muda wa miaka ipatayo milioni 400, na baadhi ya jamaa zake wa zama za kale walikuwa miti ya mita 30 na zaidi, iliyomea mabwawani, ikaanguka, ikafukiwa, hata ikawa sehemu kubwa ya makaa ya mawe yanayochimbwa leo. Katika aina zake zaidi ya 700 zilizosalia, ile ifugwayo sana majumbani, *Selaginella kraussiana*, ni mzaliwa wa Afrika, na hapa kwetu maskani yake ni misitu ya milimani, ambako hutambaa kwenye kingo za vijito na chini ya miti mikubwa, mahali ambapo jua halifiki ila kwa vipande. Marekani huuzwa wakati wa Krismasi ile yenye ncha nyeupe, na New Zealand, ilikotoroka bustanini, imegeuka gugu la kusumbua misitu. Basi asiseme mtu kwamba mmea huu ni dhaifu kwa tabia. Hewa kavu ya nyumbani ndiyo iudhoofishayo.

Ukichukua kitawi chake ukakitazama kwa kioo cha kukuzia, sababu ya jambo hili huwa dhahiri. Majani yamepangwa kwa safu nne, mbili pana zilizonyooka kando na mbili ndogo zilizolala juu ya shina, na kila jani lina mshipa mmoja tu katikati, nalo ni jembamba hata nuru hupenya. Mahali shina linapogawanyika huchomoza uzi mweupe unaoteremka kutafuta udongo, nao ukiugusa hutoa mizizi. Jani jembamba namna hii hupoteza maji upesi, na mizizi michache ya juujuu haiwezi kurudisha yaliyopotea kwa haraka hiyo. Kwa hiyo mtunzaji anayemwaga maji chunguni kila asubuhi huku hewa ya chumba ni kavu huozesha mizizi pasipo kuyaokoa majani.

Tadbiri ya kwanza, basi, ni ya hewa. Watu wa Dar es Salaam na Mombasa wana bahati ya unyevu wa bahari, lakini kiyoyozi huukausha wote, na joto la kaskazi huuchosha mmea. Bora uwekwe baraza ya kivuli, au katika bafu lenye dirisha, mbali na upepo wa kiyoyozi. Walio Nairobi au Lushoto wana ubaridi uufaao, kwa kuwa hustawi vizuri penye joto la wastani wa nyuzi 15 hadi 24, ila wajihadhari na miezi ya kiangazi. Sinia ya kokoto yenye maji kidogo chini ya chungu, pasipo kitako cha chungu kuyagusa maji, husaidia kwa kiasi.

Lakini dawa iliyo kamili zaidi ni chombo cha kioo. Mwaka 1829 tabibu wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, aliweka kifukofuko cha nondo katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa iliyofunikwa, akaona kangaga na jani la nyasi vimechipuka humo, maana maji yaliyopanda kama mvuke yaligonga kioo na kushuka tena udongoni. Mwaka 1833 masanduku aliyoyabuni yalisafirisha mimea ikiwa hai mpaka Sydney, na tangu hapo kangaga na selajinela vikawa pambo la sebule za Uingereza. Mtu wa leo aweza kutumia chupa kubwa ya mdomo mpana: chini kokoto, juu yake makaa yaliyopondwa, kisha mboji ya majani iliyochanganywa na mchanga. Kioo kikifunikwa na ukungu mchana kutwa, kifunuliwe kwa saa chache. Na kisiwekwe juani kabisa, kwani joto litaivisha kila kilichomo.

Nuru iwe ya kupita kwenye pazia. Aina ya China iitwayo *Selaginella uncinata* hung'aa kwa samawati kivulini, na ikihamishiwa kwenye mwanga mkali samawati ile hufifia. Udongo uwe na majimaji daima bila kutuama, na maji ya mvua ni bora kuliko ya bomba, kwa sababu haya ya bomba huwa na dawa na chumvi. Mbolea itiwe mara chache, iliyozimuliwa mno.

Mmea wenyewe hutoa habari ya siha yake: ncha zikikauka na kujikunja, hewa ni kavu, majani yakipauka, jua limezidi, mashina yakiwa meusi kutoka chini, chungu kimejaa maji, na pasipo tundu la kuyatoa hakuna tiba.

Atakaye kuuzidisha hahitaji mbegu. Akate kitawi chenye uzi wa mizizi, akilaze juu ya mboji yenye unyevu, akifunike kwa kioo, na kwa majuma machache kitashika. Kwa kuwa njia ni rahisi hivi, hapana udhuru wa kwenda kuung'oa katika misitu ya hifadhi: aombe kipande kwa jirani au anunue kitaluni, naye akistawisha awape wengine, na msitu uachiwe ulio wake.