Chora Shawa ya Kioo Kabla ya Kuagiza

Wakazi wanaokarabati bafu wanashauriwa kuchora shawa ya kioo kwenye kompyuta kabla ya kuagiza. Kioo kinachofaa ni kilichoimarishwa kwa joto, kwani kikivunjika hutawanyika vipande vidogo badala ya vigae virefu vyenye makali. Lakini kikishaimarishwa, hakikatwi wala hakitobolewi tena. Kipimo kikikosewa, mwenye nyumba hununua kioo kingine.

Programu ya SketchUp ina toleo lisilolipiwa linalotumika kwenye intaneti. Marumaru zikishabandikwa, pima upana chini, katikati na juu, kwani kuta nyingi hazijanyooka. Vipimo vikitofautiana, tumia kilicho kidogo zaidi. Chora mstatili wa kila kioo, uvute hadi unene halisi, kwa mfano milimita 10, kisha weka alama za matundu ya bawaba na mpini.

Hatimaye, zungusha mlango kwenye mchoro uone kama utagonga choo au sinki. Ufunguke kwa nje, ili anayeteleza ndani aweze kufikiwa. Mkabidhi fundi mchoro huo, naye apime tena mwenyewe kabla ya kioo kukatwa.