Nakili picha ya bingwa, ujue alichokiacha

Lulu maarufu kuliko zote katika uchoraji haina hata kikonyo cha kuishikiza sikioni. Ni miguso michache tu ya rangi nyeupe: mmoja mzito juu, pale mwanga unapopiga, na mwingine hafifu chini, ukiakisi ukosi wa nguo. Yaliyobaki hujazwa na jicho la mtazamaji.

Johannes Vermeer wa mji wa Delft, Uholanzi, alichora “Msichana Mwenye Hereni ya Lulu” mnamo mwaka 1665 hivi. Picha hiyo, iliyomo katika makumbusho ya Mauritshuis, The Hague, ina sentimita 44.5 kwa 39 tu. Kwa anayeanza kujifunza rangi za mafuta, ni shule tosha.

Kazi huanzia kwenye kivuli. Vermeer alitangulia kupaka kahawia na nyeusi, akatenga penye giza na penye mwanga, ndipo akaja kwenye rangi ya ngozi. Mwanafunzi naye afuate njia hiyo. Tabaka la kwanza liwe jepesi, lililozimuliwa kwa tapentaini. Yanayofuata yazidishiwe mafuta ya kitani. Ukienda kinyume, tabaka la juu litawahi kukauka kuliko la chini, na picha itafanya nyufa. Tena mafuta hayakauki kama maji: hukamata oksijeni hewani yakaganda, na hilo huchukua siku kadhaa. Mwenye pupa huishia kukoroga tope.

Kilemba cha buluu kilimgharimu Vermeer jiwe la lapis lazuli, lililochimbwa katika milima ya nchi iitwayo leo Afghanistan. Wewe utanunua buluu ya kiwandani, iliyogunduliwa katika karne ya 19.

Mtego mkubwa uko puani. Karibu kila anayeanza huchora mstari wa pua, kwa sababu anajua pua ipo. Tazama vizuri: upande wenye mwanga, pua na shavu vimeungana bila mpaka wowote.

Wala kunakili si wizi. Makumbusho ya Louvre, Paris, yamewapokea wanakili tangu yalipofunguliwa mwaka 1793, kwa sharti kwamba nakala isilingane na picha ya asili kwa ukubwa.

Ukishamaliza, mketishe ndugu yako kando ya dirisha umchore yeye. Ukijikuta unampigia mstari wa pua, rudi kwa Vermeer.